Fishi za wachezaji wa U15: niandike nini, na nipime vipi?

kochi_katuba

Jambo kwenu wote. Ekipe (timu) yetu ni ya watoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, U15 (chini ya miaka 15), wachezaji 24, kati yao makipa 3. Likizo kubwa inakaribia na waandaaji wa mashindano wameomba fishi, yaani karatasi ya maelezo, ya kila mchezaji. Wazazi nao wanataka kila mtoto awekwe kwenye ukurasa wetu wa Facebook, na picha na maelezo yake. Nimeanza na namba 8, tazameni:

«Namba 8. Kiungo. Mchezaji mwenye kipaji kikubwa, ana spidi, ana mapafu ya mbwa, anajua mpira. Urefu 1.60. Mabao 6. Spidi 8/10, pasi 9/10, nidhamu 10/10. Anamfuata De Bruyne.»

Nikiisoma tena naona ingeweza kuwa ya mtoto yeyote wa mtaa. Vifaa tulivyo navyo: telefone mbili, koni 12, meta ya fundi ya meta 5 na daftari. Nipime nini, nihesabu nini, na kipi kisitoke nje ya ekipe?

benchi_la_ufundi

Kochi, katika maneno yako yote hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kufika tereni (uwanjani) akalihakikisha. «Anajua mpira»: anajua kuufanyia nini? Kila sentensi iseme ni wapi uwanjani, mpinzani yuko wapi, na inatokea mara ngapi. Badala ya «pasi 9/10» andika hivi: «Akipokea mpira mgongo ukielekea goli la wapinzani, anageuka upande wa kulia tu, akifungwa upande huo anarudisha nyuma.» Kochi mwingine anaielewa, wewe unaipangia zoezi la Jumanne, na mtoto mwenyewe anajua anachodaiwa.

Alama za 8/10 ziondoe zote. Nani amezitoa, akimlinganisha mtoto na nani? Spidi 8 ya Katuba ni ngapi kwa jirani zetu wa Kampemba? Tena watoto watazisoma usiku huohuo, na mwenye 6 kesho ataamka na jina jipya mtaani. De Bruyne abaki kama mtoto mwenyewe amemtaja kuwa ndiye anayempenda. Wewe usimfananishe na mtu.

Mabao 6 ni katika dakika ngapi? Hapo ndipo fishi nyingi zinadanganya bila mwandishi kukusudia. Kama mnacheza 2×35 (vipindi viwili vya dakika 35), mtoto mwenye mabao 6 aliyemaliza mechi 12 ana dakika 840, yaani bao moja kila dakika 140. Mwenzake anayeingia kipindi cha pili, mabao 4 ndani ya dakika 280, anafunga kila dakika 70. Fishi ya mabao matupu inamfanya wa kwanza kuwa mfalme. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote andikeni dakika: mtu mmoja wa benchi, daftari moja, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mechi za kirafiki ziwe na safu yao. Mabao mliyofunga dhidi ya ekipe iliyofika na watu 9 yasichanganywe na ya mashindano.

Msijaribu kuhesabu wachezaji 11 katika mechi moja. Chagueni 4 au 5, mkae wawili: mmoja anatazama na kusema kwa sauti, mwingine anapiga vistari bila kuinua kichwa. Akiinua tu kufuatilia shambulizi zuri, vistari vitatu vimepotea. Kwa kiungo hesabuni mipira aliyoipoteza nusu yenu, pasi za mbele zilizofika, na mipira aliyonyang'anya. Kwa beki: mipira ya juu aliyoshinda na aliyoshindwa, na mara ngapi amepitwa akiwa peke yake. Mechi tatu kwa kila mtoto ni mwanzo mzuri. Moja haitoshi, maana mvua na mpinzani mgumu vinageuza kila kitu.

Na «kiungo» ni nusu ya uwanja. Andika 6 (kiungo mkabaji), 8 (kiungo wa kati) au 10 (kiungo mshambuliaji), kisha nafasi ya pili aliyowahi kuicheza kweli angalau kipindi kizima, siyo ile anayoitamani. Mguu: kulia au kushoto. «Yote miwili» iandikwe tu kama umemwona ndani ya mechi akipiga krosi au pasi ndefu kwa mguu dhaifu.

meta30

Naongezea upande wa vipimo.

Mbio za meta 30 kwanza. Tereni isipimwe kwa hatua, hatua zako za asubuhi na za jioni hazilingani. Kwa meta ya fundi ya meta 5, tandaza uzi wa waashi chini, uvute ukaze, pima mara 6, piga kigingi kila mwisho. Ukishapata meta 30, funga fundo na uuhifadhi uzi huo. Siku nyingine unapima kwa dakika mbili. Uvutwe kwa nguvu ileile kila mara, nailoni inanyumbuka.

Mtoto asimame nusu meta nyuma ya mstari, aondoke anapotaka, bila filimbi. Mwenye saa akae kwenye mstari wa mwisho, abonyeze mguu wa nyuma unapoinuka na abonyeze tena kifua kinapokata mstari. Mtu yuleyule awapime watoto wote 24. Mkibadilishana saa katikati mtakuwa mmepima vidole vya watu wawili. Kila mtoto akimbie mara 3, apumzike dakika 3 kati ya mbio na mbio, uandike iliyo bora kwa desimali moja tu. Kuandika 4.83 kwa saa ya mkononi ni kujidanganya, kidole peke yake kinakula sehemu ya kumi mbili bila wewe kujua. Na ukiona 3.6 kwenye daftari lako usishangilie: Usain Bolt, siku aliyoweka rekodi ya meta 100 kule Berlin mwaka 2009, alipita meta 30 kwa 3.78. Rudi ukapime uzi.

Pumzi: jaribio la Yo-Yo la kwenda na kurudi. Kila njia inahitaji koni 3: ya kuanzia, ya meta 20 mbele, na moja meta 5 nyuma ya ile ya kuanzia. Koni zako 12 zinatoa njia 4, watoto 2 kila njia, yaani 8 kwa mara moja; makundi matatu na umemaliza ekipe nzima. Mtoto anakimbia 20 kwenda na 20 kurudi kufuata mlio wa rekodi ya jaribio kwenye telefone, kisha anatembea meta 5 kwenda na 5 kurudi ndani ya sekunde 10, anaanza tena. Mwendo unaanza kilomita 10 kwa saa na kupanda. Akichelewa mlio mara ya kwanza unamwonya, mara ya pili anatoka, na unaandika meta alizomaliza: kila safari kamili ni 40. Makosa yanayorudi kila siku ni matatu. Sauti ya telefone bila spika, watoto wa njia ya mwisho hawasikii wanawafuata wenzao. Kugeuka kabla ya koni, na watoto wanakata nusu meta kila safari. Na huruma ya kochi kwa kipenzi chake.

Mpangilio wa siku: urefu na uzito, kupasha mwili joto dakika 15, mbio za meta 30, Yo-Yo mwisho. Ukigeuza, mbio zinapimwa kwa miguu iliyochoka. Usipime kesho yake ya mechi wala saa sita mchana.

Jambo la mwisho ni la Lubumbashi hasa. Mwezi wa saba tereni ni ngumu kama saruji, vumbi jekundu juu. Mwezi wa kwanza ni tope. Namba za misimu hiyo miwili hazilinganishwi. Kila kipimo kiwe na tarehe, tereni, na kama mtoto alivaa viatu au alikimbia peku. Hata za Kinshasa usizilinganishe na zenu kwenye Yo-Yo: sisi tuko karibu meta 1,200 juu ya bahari, wao wako chini sana.

sekretere_wa_ekipe

Wote wanaongelea mpira, mimi naongelea karatasi, maana ndizo zinazomtoa mtoto kwenye mashindano.

Majina. Mtoto wetu ana jina, ana postinomu (jina la pili), ana prenomu (kama la ubatizo). Kwenye cheti cha kuzaliwa yamepangwa hivi, kwenye buletini ya shule (ripoti ya matokeo) vile, kwenye karte ya mwanafunzi moja limekatwa. Chagua mpangilio wa cheti cha kuzaliwa na uufuate herufi kwa herufi kila mahali. «Tsh» na «Ch», «Ou» na «U»: kwenye kompyuta ya mtu mwingine hao ni watoto wawili.

Tarehe ya kuzaliwa isichukuliwe mdomoni. Sheria inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto eta sivili (ofisi ya kuandikisha vizazi); waliochelewa wanapitia hukumu ya tribunali (mahakama), na wengi wanaikimbilia siku mashindano yanapofika. Omba cheti, kisha ukilinganishe na kitu kilichoandikwa mtoto akiwa mdogo: fishi ya kupimia kilo na chanjo, au karte ya ubatizo. Zikipishana, muulize mzazi kwa upole kabla hujaandika. Kupunguza miaka ni kumchimbia mtoto shimo: tangu Kombe la Dunia la U17 la 2009 kule Nigeria, FIFA inatumia MRI (picha ya mashine ya ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono kuangalia mifupa.

Sasa sehemu ambayo ekipe ndogo zinaisahau: msimu kwa msimu. Andika mtoto alianza kwenu tarehe gani, aliandikishwa na ekipe ipi kila msimu, na lini aliondoka. Mchezaji akiuzwa nchi za nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa ekipe zilizomlea: 0.25% kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Ukikaa naye misimu minne ya kwanza ni 1%. Kwenye uhamisho wa euro 1,000,000 hiyo ni 10,000, tereni yako ina nyavu na uzio. Lakini ekipe isiyojulikana na shirikisho, ambayo mtoto hakuandikishwa kwake rasmi, haipati hata moja. Daftari lako litakusaidia kukumbuka tarehe. Haki yenyewe inatoka kwenye leseni. Kwa hiyo pitia ofisi ya Entente (chama cha mpira cha mji) kwanza, Facebook baadaye.

Kuhusu kipi kisitoke: tengeneza fishi mbili tangu mwanzo, usije ukakata moja baadaye. Ya ndani ina tarehe kamili, telefone za wazazi wawili, kundi la damu kama kipo kwa karatasi ya maabara, pumu, anemia SS (selimundu), dawa asizoruhusiwa, na hospitali ya karibu na tereni. Ya nje ina jina fupi, mwaka wa kuzaliwa, nafasi, mguu, misimu na maelezo ya uchezaji. Ya nje haitoki bila sahihi ya mzazi, na sahihi iwe kwenye karatasi inayotaja Facebook kwa jina. «Papa alikubali kwa telefone» haina uzito siku papa amebadilisha mawazo.

Ukishaweka watoto wazuri hadharani, watu watapiga simu. Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa na FIFA isipokuwa kwa hali chache sana. Anayekuomba dola ili ampeleke mtoto wa miaka 14 Ulaya au Dubai, mpatie namba ya polisi.

glavu_1

Makipa wasitumie fishi ya wengine. Mabao waliyofungwa pekee ni hukumu ya mabeki. Hesabuni mipira iliyolenga goli na aliyoizuia: 40 zimelenga, 29 amezuia, andika 29/40, hesabu ya asilimia mwachieni msomaji. Hesabuni mipira aliyodaka na aliyotema mbele yake, kila moja safu yake, kwa sababu aliyetema na beki akaokoa anaonekana safi kwenye matokeo. Krosi: ametoka akagusa, ametoka akakosa, amebaki mstarini. Na mipira ya kuanzisha: kwa mkono inafika wapi, kwa mguu inafika wapi, imeangukia mwenzake au mpinzani.

Andikeni pia kama ana glavu zake. Mtoto anayedaka na glavu za kuazima, kubwa vidole viwili, atatema tu.

Kuruka kwa matako kushangilia bao, kama Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, mwaka 2010, kusiandikwe, ingawa najua wote watatu wanaweza.

kochi_katuba

Aksanti sana. Namba 8 huyu ndiye mdogo kuliko wote; hiyo 1.60 niliikadiria, naona aibu kusema. Nikimpima atatoka chini. Watu wanaotafuta wachezaji wakiona urefu hawaendelei kusoma. Je, niuache kwa wale wafupi?

meta30

Ukiuacha kwa wafupi tu, kila atakayekosa namba atajulikana ni mfupi. Uuweke kwa wote kwenye fishi ya ndani, na kwenye ya nje uuondoe kwa wote. U15 urefu unasema zaidi kuhusu mwezi wa kuzaliwa na mwili uliowahi kukomaa kuliko kuhusu mpira. Wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa kumi na mbili wanaitwa umri mmoja, wakati wamepishana karibu mwaka mzima. Hesabu ekipe yako: wangapi wamezaliwa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu? Wakiwa 12 kati ya 24, ulichagua miili.

Kipimo chenyewe: asubuhi, peku, visigino na matako vimegusa ukuta, macho mbele, kitabu kigumu kikae kichwani, ukingo wake wote ukigusa ukuta, alama ya penseli, kisha meta kutoka chini. Jioni mtoto huyohuyo anaweza kupungua karibu sentimeta moja, kwa hiyo saa iwe ileile. Rudia kila miezi 3.

Kinachohitajika zaidi ni tofauti kati ya kipimo na kipimo. Akiongezeka sentimeta 2 au zaidi ndani ya miezi 3, ameingia kwenye kukua kwa kasi. Hapo miguu inamsumbua, mpira unamkimbia, na kochi anasema ameharibika. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa ulipotokeza, au nyuma ya kisigino, punguza kuruka na mbio za kasi, na yakiendelea aonwe na dokta. Andika kwenye fishi: «anakua, mbio zisilinganishwe na msimu uliopita.»

kamera_pembeni

Picha: ukuta mmoja wa rangi moja, kivulini, telefone kwenye usawa wa kifua cha mtoto, kuanzia kiunoni kwenda juu, jezi ileile kwa wote. Saa nane mchana juani nyuso zinakuwa macho yaliyofumba na kivuli cha pua. Na angalieni kilicho nyuma: bango la shule au namba ya telefone ya duka havitakiwi.

Video ya mchezaji: telefone ilale kwa upana, mpige jua likiwa mgongoni kwenu, msimame juu ya kitu, kuna kichuguu karibu kila tereni hapa, kitumieni. Msifuate mpira kwa karibu, mwonekano uchukue angalau robo ya uwanja ili ionekane anakimbilia wapi kabla hajapata mpira. Dakika 2 au 3 za vipande, mduara au mshale umwonyeshe kabla ya tukio, siyo wakati wa tukio. Kisha ongezeni dakika 10 mfululizo bila kukata, pamoja na makosa yake. Anayejua kazi ataanza na hizo. Namba nyeusi kwenye jezi nyekundu haisomeki kutoka pembeni, bandikeni plasta nyeupe kuizunguka. WhatsApp ikibana video inaharibika, itumeni kama dokumenti. Muziki msiweke.

kochi_katuba

Nimeandika upya baada ya mechi tatu. Hii ndiyo ya nje:

«Namba 8. Kazaliwa 2011. Anasoma» (jina la shule nimeliweka) «na anafanya mazoezi nasi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa tisa na nusu. Nafasi: 8, amecheza 6 vipindi vitatu. Mguu wa kulia; wa kushoto kwa pasi fupi tu. Msimu wa tatu kwetu. Dakika 840, mabao 6, moja kwa penalti. Anaangalia nyuma kabla ya kupokea, hivyo mara nyingi anapiga mbele kwa mguso wa pili. Pasi za mbele katika mechi tatu: 41, zimefika 27. Mipira aliyopoteza nusu yetu: 9, sita kati yake amebanwa upande wa kulia. Mipira ya juu anaiacha. Meta 30: 5.1, tereni kavu, na viatu, mwezi wa sita.»

Urefu nimempima: 1.53. Uko kwenye daftari.

kamalondo_tu

Kochi, sasa iko muzuri, hata mutu mwenye hamumujue anaona mutoto anacheza. Lakini utoshe (uondoe) jina ya masomo (shule), na utoshe siku na saa ya mazoezi. Mutu mubaya akisoma ile anajua kwa kumungojea mutoto, na saa gani. Mwenye kumutaka, akuite weye.